Bundi wa Fedha wa Mwalimu Hamidu

Siku yangu ya kwanza katika duka la sonara mjini Jinja sikugusa nyundo. Nilipewa bakuli la maji ya ukwaju, brashi ngumu na rundo la bangili zilizokuwa nyeusi kwa jasho la wenyewe, nikaambiwa nizisugue mpaka nione meno yangu ndani yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka kiwanda cha nguo, ambako mashine zilinipigia kelele mpaka nikawa nazisikia hata msikitini, na nilidhani usonara ni kazi ya kukaa kitako tu. Kufika adhuhuri vidole vyangu vilikuwa vimebabuka.

Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa papo hapo Jinja, na baba yake alikuwa sonara kabla yake. Wafanyakazi tulimwita Sonara, wateja vivyo hivyo, hata mkewe nilimsikia akimwita hivyo mbele za watu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kukata maneno, lakini sijapata kumwona mtu aliyeshindwa kumwelewa. Jioni alikuja, akaokota bangili moja, akaigeuzageuza dirishani.

"Wewe jina nani?"

"Waiswa, bwana."

"Waiswa, hii safi nje. Ndani chafu. Mtu navaa ndani, hapana vaa nje. Kesho rudia yote."

Nilizirudia zote, nikimlaani kimoyomoyo. Leo vijana wanaponiuliza nilisomea wapi kazi hii, nawaambia nilisomea ndani ya bangili za watu.

Mapambo ya sarafu za Kigiriki, ambayo sasa mnayaona yamepangwa kwenye meza za watalii, kwetu yalianza na mteja mmoja tu. Alikuwa Mgiriki mwenye kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Mbale. Alitoa mfukoni kikopo cha dawa ya kikohozi kilichojazwa pamba, na ndani ya pamba sarafu tatu za fedha, nzito, zisizo duara kamili, za karne nyingi kabla ya Nabii Isa. Moja ilikuwa na bundi, moja suke la nafaka, moja kobe. Alitaka mkufu wa mkewe wenye sarafu kama hizo, kwa sababu zake alizoachiwa na babu yake hakuwa radhi kuzitoboa. Sonara alizishika kwa kitambaa, akazitazama kwa muda mrefu mpaka mteja akaanza kuona haya. Kisha akaomba aachiwe mwezi mmoja, na Mgiriki akakubali bila hata kuandikishana.

Mwezi ule Sonara alichonga chapa. Chapa ni kipande cha chuma kigumu chenye picha iliyochimbwa ndani, kinyumenyume, ili kikipigwa juu ya fedha picha itokeze nje. Ya chini aliichomeka katika gogo la mvule. Ya juu hushikwa kwa koleo. Fedha tuliipata kwa kuyeyusha rupia za zamani ambazo akina bibi walizihifadhi masandukuni. Unayeyusha, unamimina, unapata kidonge cha fedha. Unakichoma tena mpaka kiwe chekundu, unakiweka kati ya chapa mbili, unapiga. Mgiriki alitueleza kuwa ndivyo walivyofanya watu wa kwao enzi zile, mtu na nyundo yake, na ndiyo sababu huwezi kupata sarafu mbili zilizofanana. Hii picha imekaa pembeni, ile ukingo umepasuka, nyingine imenenepa upande mmoja.

Sheria ya Sonara ilikuwa pigo moja. Ukipiga mara mbili kidonge kinasogea kidogo na picha inapata kivuli.

"Pigo moja," alituambia kila siku. "Ya pili ni ya mtu mwoga. Kama imekosa, acha ikose. Hiyo ndiyo sura yake."

Mkufu ule ulionekana kwenye karamu na harusi, na watu wakaanza kuja kuulizia. Hapo nikajifunza kuwajua watu wa pande zetu kwa vitu wanavyokubali kuvaa. Wagisu wa Mbale walipenda suke. Waliliona ni suke la wimbi wanalolima, wakawanunulia mabinti wanaoolewa. Watu wa Jinja walimpenda kobe, sijui kwa nini. Masheikh hawakutaka sarafu yenye uso wa mtu, basi nyuso hatukuchonga. Na bundi hakuna aliyemtaka. Mwislamu, Mkristo, Msoga, Mgisu, Mwacholi, wote walirudi nyuma hatua moja walipomwona ndani ya kabati la kioo. Mama mmoja alitema mate kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Bundi akilia juu ya paa ni kifo. Nani atajivisha kifo shingoni? Sonara akacheka, akaitia chapa ya bundi kwenye droo.

Aliyeitoa humo alikuwa Mwalimu Hamidu. Alifundisha historia katika shule moja ya Jinja na alipanga nyumba mtaa wa Nalufenya, lakini kwao hasa ni Budondo, ambako baba yake aliwaachia yeye na kaka zake shamba la migomba na kahawa. Alikuja na mchumba wake Zaituni kuchagua vitu vya ndoa. Zaituni alichagua hereni za suke upesi upesi. Mwalimu alipekua karatasi za michoro mpaka akafika kwa bundi.

"Huyu ndiye wangu," akasema. "Nitengenezeeni pete."

Zaituni akashika mdomo. "Hamidu! Unataka wajomba zangu wavunje ndoa kabla haijafungwa?"

"Wagiriki walimweka kwenye pesa zao kwa sababu anaona penye giza. Na mwalimu ana kazi gani nyingine?"

"Basi mkono huo usinishike."

"Nitakushika kwa huu mwingine."

Sonara alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akanipa mimi nyundo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesugua, nimeyeyusha, nimelehemu, lakini sikuwahi kupiga sarafu. Nilikichoma kidonge, nikakiweka, nikainua mkono, na jicho likanikimbilia kwa wale wachumba wawili. Pigo likaenda upande. Bundi alitoka na macho yake makubwa mawili, mabawa mazuri, na mguu mmoja. Wa pili uliangukia nje ya fedha. Chini ya mkia ukingo ulipasuka ufa mdogo. Niliomba nikiyeyushe upya, Sonara akakataa. Mwalimu Hamidu akakiinua, akasema vizuri, bundi mwenye mguu mmoja atakuwa wake peke yake. Nikakilehemu juu ya pete, naye akaivaa siku ya nikahi, na wajomba wakanuna mpaka pilau ilipoletwa.

Sikupiga bundi mwingine tena, wala kwa miaka mingi sikumwona mtu mwingine wa kwetu aliyemvaa. Pete ile ningeijua hata nikifumba macho, kwa kuipapasa tu.

Kisha serikali ya kijeshi ikawaamuru Wahindi waondoke nchini. Siku zao zilipokuwa zinakwisha, Sonara alikesha na madaftari, na mchana alituma watu mjini na vijijini wawaite wateja waje kuchukua vyao, kwa kuwa aliapa hatabeba hata kipini cha mtu. Siku ya mwisho alinipa chapa zake zote zimefungwa katika gazeti.

"Wakikukuta nayo, sema ni ya kutengeneza vifungo ya sare," akanifundisha.

"Na utakaporudi, Sonara?"

"Mimi narudi wapi, Waiswa? Mimi zaliwa hapa."

Sikumwona tena. Duka lake akagawiwa mtu ambaye juma la kwanza aliuza mizani, juma la pili kabati, na juma la tatu akafunga mlango. Nikachukua gazeti langu la vyuma, nikaenda Mbale kutafuta kazi.

Mkuu wangu wa Mbale tulimwita Meneja. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Malukhu, mtu wa swala tano, na duka lake lilikuwa karibu na soko. Mbele aliuza redio na saa. Nyuma, nyuma ya pazia, alinipa meza, taa na mvukuto. Nami nikapanga chumba Malukhu. Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa kupanua na kupunguza pete. Kupanua, unaivisha pete kwenye mti wa pete, nao ni chuma chembamba juu na kinene chini, unaigonga taratibu huku ukiishusha. Kupunguza, unakata kipande, unakutanisha ncha, unalehemu. Arusi zilikuwa chache, kwa maana watu waliogopa kukusanyika, lakini pete zilikuja kwa viganja. Waliozileta walikuwa askari. Mtu mmoja analeta tatu au nne, za vidole tofauti, anataka zote zimtoshe yeye au rafiki yake wa kike. Sote tulijua zilikotoka.

"Waiswa," Meneja aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, "macho yako ni ya kuangalia fedha. Pete imetoka kidole gani, hayo usiyaangalie."

Nilimtii. Simlaumu. Alikuwa na mke, watoto, na duka lenye kioo kinachotazama barabara.

Habari za Mwalimu Hamidu zilinifikia kwa abiria waliotoka Jinja. Askari walimchukua shuleni mchana, wanafunzi wanatazama, wakamtia ndani ya gari, likaondoka. Wengine walisema alizungumza sana darasani juu ya wafalme walioangushwa. Wengine walisema ni jirani aliyemchongea. Nilimwombea dua, nikarudi kwenye meza yangu.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, aliingia Kapteni mmoja aliyekuwa mteja wetu wa kawaida. Alivaa msalaba wa shaba shingoni, nami ndiye niliyemtengenezea kishikizo chake. Alipita pazia bila kubisha, akatoa kitu mfukoni mwa shati, akakidondosha kwenye kiganja changu.

"Fundi, hii nabana. Ongeza. Na hii ndege, toa. Mimi hapana taka."

Mguu mmoja. Ufa chini ya mkia.

"Ndege gani, afande?" nikauliza, ili nipate kuvuta pumzi.

"Wewe hapana ona? Kwetu hii kitu kikilia juu ya nyumba, mtu nakufa. Mwenyewe alikuwa mjinga kuvaa."

"Na mwenyewe hataitaka?"

Meneja akakohoa kule mbele. Kapteni hakukasirika. Alinitazama tu, kisha akaketi kwenye benchi langu na kunyoosha miguu.

"Mwenyewe alikuwa na maneno mingi. Tulimaliza yeye. Sasa iko chini ya udongo, iko kimya. Fanya kazi, mimi nangoja hapa."

Nikaivisha pete kwenye mti, nikaipanua. Kisha nikachukua tupa. Kila sonara ana kipande cha ngozi kilichofungwa chini ya meza, juu ya mapaja yake, cha kukinga unga wa fedha unaoanguka anapopiga tupa, na unga ule ni wa duka. Hukusanywa na kuyeyushwa tena. Nilianza na ule mguu mmoja. Nikafuata mkia, nikaufikia ufa, nikaondoa mabawa. Macho niliyaacha mwisho, si kwa kupenda, ni kwa sababu ndiyo yaliyotokeza zaidi na tupa iliyarukia. Nilichukua muda mrefu kufuta kitu nilichokifanya kwa pigo moja. Nikaisugua pete kwa kitambaa na unga wa mkaa mpaka ikawa laini kama kifungo. Kapteni akaivaa, akautazama mkono wake mbele na nyuma, akafurahi, akaenda zake.

Nyinyi mtakaosoma haya mkiwa mafundi mtaona mara moja kosa langu, nami nimelirudia kichwani maisha yangu yote. Ningeweza kumwambia lehemu inataka kupoa, arudi kesho. Kwa siku moja ningetengeneza pete nyingine laini ya uzito ule ule, nikampa hiyo, na ile nikaificha. Asingejua. Lakini tangu siku ya kwanza nilizoezwa kufanya ninaloambiwa na mtu aliyeketi mbele yangu, na mkono ulitii kabla ya kichwa kufikiri. Kwa tupa yangu mwenyewe nilifuta alama ya pekee iliyobaki duniani ya kwamba Mwalimu Hamidu ameuawa. Unga ule sikuweza kuuchanganya na mwingine. Nikaukunja kwenye karatasi, nikautia kwenye droo ya meza.

Majuma matatu yakapita, kisha Zaituni akaja Mbale. Alikuwa amesimama kwenye malango ya kambi za Jinja mpaka wakamfukuza, na mtu alimwambia wafungwa wengine waliletwa upande wetu. Aliingia nyuma ya pazia, amekonda, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nilimsalimu kwa Kisoga, nikamwambia *kodheyo*, nikampa kiti. Hakukaa.

"Waiswa kaka yangu, pete zote za mji huu zinapita mikononi mwako. Niambie kweli. Umeiona yake?"

Meneja akaongeza sauti ya redio. Droo yenye ile karatasi ilikuwa kati yangu na Zaituni.

"Sijaiona, dada."

Akafumba macho. Nilidhani atalia. Akafumbua, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, umepata nuru.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi yu hai. Wangekuwa wamemuua, pete ingeshakuja kwako."

Akanishukuru. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akatoka kwenda stendi ya mabasi na moyo mkunjufu. Nami nilikaa pale. Nilijiambia nimemhurumia. Nilijiambia akipiga ukelele dukani Kapteni atasikia kabla ya jua kuzama, na sote watatu tutakwenda kule alikokwenda mumewe. Hilo la pili lilikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo, niliogopa tu.

Vita vilipofika kwetu, askari wale walikimbia wakielekea kaskazini, na walipopita walibeba kila kilichobebeka. Redio za Meneja ziliondoka zote asubuhi moja, na kioo kikabaki vipande barabarani. Kapteni aliondoka na pete yake kidoleni, sikusikia habari zake tena. Baada yao wakaja Watanzania, na Kiswahili chao kilitufanya tuone aibu kufungua midomo. Meneja akaamua kulima. Mimi nikarudi Jinja.

Miaka ya kujijenga upya ilikuwa ya njaa kwa masonara. Fedha hakuna, lehemu hakuna, mkaa wenyewe wa kutafuta. Niliziba sufuria, nikatengeneza funguo, nikatia mikono kwenye birika zilizokatika. Wakati mwingine mtu alileta kijiko cha fedha alichookota mahali ambapo sikumuuliza, maana tabia ile haikuniisha. Siku alipokuja baba mmoja wa Budondo kuagiza hereni za suke kwa binti yake, nilizichimbua chapa za Sonara chini ya jiko, nikazipaka mafuta, nikalia peke yangu. Kulikuwa na arusi tena.

Bi Zaituni alikuwa Nalufenya, katika nyumba ile ile. Kila Ramadhani alipika futari ya mtu mmoja zaidi. Wanaume wawili, watu wazima wenye adabu, walipeleka posa, akazirudisha. "Mimi ni mke wa mtu," aliwajibu. Huko Budondo kaka za Mwalimu walilima shamba lote, na alipoomba sehemu ya watoto aliozaa na Mwalimu walimwambia ndugu yao yu hai, yeye mwenyewe amesema, akirudi atagawa. Watoto wakaacha shule. Na kila aliyemwambia amekufa, alimjibu jibu moja. Nililisikia kwa masikio yangu kwenye matanga ya jirani, nimekaa upande wa wanaume, yeye hakujua nipo. Mama mmoja alimshauri akubali yaishe. Bi Zaituni akasema, "Fundi Waiswa hajaiona pete."

Sikula chakula cha matanga siku ile. Miaka sita alikuwa amesimama juu ya neno langu.

Sheikh wa msikiti wetu aliwakutanisha watu wa pande zote mbili barazani baada ya Alasiri, juu ya jambo la shamba. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda na karatasi yangu mfukoni, nikaomba kusema, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa. Nikaiweka karatasi mkekani, nikaikunjua. Unga ulikuwa kidogo, usingejaza kijiko cha chai.

"Maneno ya Kapteni uliyasikia mwenyewe?" Sheikh akauliza.

"Niliyasikia mwenyewe."

"Na pete, utaapa ilikuwa yake?"

"Niliipiga mimi, Sheikh. Ilikuwa na makosa yangu."

Akaniapisha, kisha akanong'onezana na wazee kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba jambo litapelekwa kwa kadhi, ila yeye, kwa maneno yale na kwa miaka ile, anaona Mwalimu Hamidu amefariki. Kaka za Mwalimu waliinamisha vichwa. Kisha akamgeukia Bi Zaituni kwa upole.

"Eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, mwanangu, hata kama hakujua. Yako ilikwisha zamani. Uko huru."

Bi Zaituni hakumtazama Sheikh. Alinitazama mimi.

"Siku ile nilipokuja Mbale, karatasi hii ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo, dada."

"Ile iliyokuwa mbele yangu?"

"Ndiyo."

Niliisogeza karatasi upande wake. Akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Sitaki unga, Waiswa. Nilitaka neno."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Sheria nimeisikia, Sheikh, na siipingi. Lakini mume wangu sijamkalia. Nitamkalia."

Akakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, amevaa nyeupe, kwa mtu aliyekufa miaka sita nyuma. Wengine walinung'unika kwamba jambo hilo halimo katika dini. Sheikh aliwanyamazisha. Tulimsalia Mwalimu Hamidu sala ya maiti asiyekuwepo, nami nilisimama safu ya nyuma kabisa. Shamba likagawanywa, watoto wakapata haki yao, na mmoja wao sasa ni mwalimu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, mingi kuliko yote niliyoyasimulia, lakini haina hadithi ndefu. Nilifungua duka langu Jinja. Nilifundisha mafundi wanne, wawili wanawake, na wote wanakula kwa mikono yao. Watalii walipoanza kuja kuona mto walimtaka bundi kuliko vyote, nasi tukampiga, ingawa kazi hiyo niliwaachia wengine. Siku hizi mnamwaga fedha kwenye kalibu za mpira, sarafu hamsini kwa siku, zote sawasawa. Ni kazi safi, siwadharau. Ila mteja akiwaletea kitu cha mtu mwingine akataka alama yake ifutwe, mwambieni arudi kesho. Hilo ndilo ninaloweza kuwafundisha nikiwa na hakika nalo.

Niliacha kazi macho yaliponikataa. Wanangu wakachanga wanipeleke Hija. Desturi yetu, mtu kabla ya kwenda Makka huzunguka kwa watu aliokaa nao akiomba radhi. Nilizunguka Jinja yote, nikapanda basi mpaka Mbale kwa watoto wa Meneja, na kila mlango waliniambia tumekusamehe, utuombee. Nalufenya niliiweka mwisho.

Bi Zaituni alinipa kiti na maji ya kunywa. Amezeeka, ana wajukuu, anatembea na fimbo. Nilimwomba radhi kwa kutaja kosa lenyewe, sikulifunika. Alingoja mpaka nikamaliza maji.

"Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe, Waiswa," akasema. "Nenda kwake. Mimi bado."

Sheikh tuliye naye sasa ananiambia wajibu wangu ulikuwa kuomba, na nimeomba, basi niende. Wanangu wamekasirika, pasipoti inakaa bure. Sikwenda mwaka ule. Kila Idi mimi hupita kwake, naye hunipa kiti na maji, tunaulizana habari za wajukuu, na kabla ya kuondoka namwomba tena. Hutikisa kichwa kukataa, wala si kwa ukali. Mwaka huu ulikuwa wa nne. Wanangu wanasema nitakufa nikingoja, na inawezekana. Idi ijayo nitakwenda tena.